Vidole Majini

Saa tisa usiku natoka zamu ya kuoka mikate,
unga umenikauka kwenye nyusi.
Toronto imelala, Oktoba imeshaanza kuuma masikio.
Juu ya ngazi za uani Dona Idalina yuko macho,
kajitanda shali, taa kazima.
"Polepole," ananong'ona, "mwizi wangu kaja."

Mwizi ni rakuni,
mama wa watoto watatu, mzito wa makalio,
na barakoa nyeusi usoni
kama aliyezaliwa tayari ana kesi.

Kwanza pua. Hana pupa.
Anaipima hewa tabaka kwa tabaka:
sabuni ya jirani, paka wa Bwana Thibodeau,
dagaa wa jana, mimi na hamira yangu.
Kisha masikio: moja kanigeuzia mimi, moja barabara.
Huyu husikia nyungunyungu akijinyoosha chini ya majani yaliyooza,
seuze kiatu changu.
Ananipima, ananisamehe, anaendelea.

Pipa ni jipya. Manispaa ililileta kiangazi,
la kijani, lenye komeo la kuzungusha,
na barua: halifunguki kwa mnyama.
Usiku wa kwanza alilizunguka tu.
Wa pili alilisukuma, likayumba, likarudi.
Wa tatu mvua.
Wa nne alipanda uzio, akaliegemea kwa uzito wake wote
hadi likalala ubavu,
na kitu kikilala ubavu
huwa kimesahau nusu ya ukaidi wake.

Sasa tazama anakotazama:
juu! Macho kayatupa kwenye nyaya za tramu
kama mtu anayetafuta jina alilolisahau,
na huku chini mikono inasoma.
Mwenye macho haambiwi tazama, walisema.
Huyu yake kayapa likizo.
Vidole vyembamba vinapapasa komeo,
vinauliza, vinajibiwa,
robo kushoto,
tk.

Watoto wanamiminika.
Mkono mtupu haulambwi;
wa mama yao wanaulamba hadi kwenye kucha.

Dona Idalina hakasiriki. Anaijua kazi ya mikono.
Miaka thelathini na moja alisugua ofisi za ghorofani
kwa dawa zilizotoa machozi,
tangu aliposhuka kutoka Azori na sanduku moja
na mume, Baltazar, aliyekuwa akikohoa tayari.
Leo ncha za vidole vyake zimekufa.
Kifungo na sarafu kwake ni ndugu.
Daktari alimwambia afumbe macho, akamdunga sindano:
"Wapi?"
Naye akajibu: "Nakusubiri uanze."

Rakuni anachomoa paja la kuku,
analipeleka kwenye beseni la maji ya mvua,
analizungusha, analifikicha.
"Msafi kuliko wapangaji wangu," husema Dona Idalina,
na mpangaji ni mimi.
Lakini haoshi. Niliwahi kudhani anaosha.
Kiganja kikilowa ngozi hulainika, huamka,
husikia maradufu:
hapa nyama, hapa uzi,
hapa kipande cha chupa. Tupa.

Mbwa anabweka nyumba ya tatu.
Wanne wanapotea juu ya mshira,
na mbwa akinyamaza mama anashuka kichwa chini,
nyayo za nyuma kazigeuza kinyume,
kama ngazi ni ya kwake peke yake.

Ndani, jikoni, Dona Idalina anafungua bomba la moto.
Hasemi kitu. Anazamisha mikono hadi kwenye viwiko,
anainua uso, anatazama dari,
pale penye doa la moshi.
"Nipe kitu," ananiambia. "Usiniambie nini."
Navuta mtoto wa kabati, namtilia kiganjani.
Anakizungusha chini ya maji,
muda mrefu, mdomo wazi kidogo.

"Sarafu," anasema.

Ni kifungo.

"Rudia," anasema, haushushi uso,
na huko uani pipa linaanguka tena.